Kuhamia Linux: anza na programu, mfumo utafuata

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015. Siku iliyofuata hakuna kompyuta iliyozimika. Ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, YouTube ikacheza, na watu wengi hadi leo hawajui kama kuna kitu kilitokea. Madhara ya jambo hili huja polepole. Kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa ndani ya Windows 10 baada ya tarehe hiyo hubaki wazi kwenye mashine ambayo haikuandikishwa katika mpango wa masasisho ya nyongeza, na mpango wenyewe, kwa mtumiaji wa kawaida, ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026. Vivinjari navyo havimsubiri mtu milele: Chrome iliiacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na waliokuwa bado wanaitumia wakabaki na toleo lisilozibwa tena.

Jibu la Microsoft ni Windows 11, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha maalumu. Kwa upande wa Intel orodha hiyo, kwa ujumla, huanzia kizazi cha nane. Sasa tazama laptopu za mtumba zinazojaa madukani Kariakoo au katikati ya Nairobi, zile zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Zote ni kizazi cha sita. Ukiiwekea mojawapo SSD na RAM ya GB 8, ni mashine ya kazi kabisa, kibodi nzuri, bodi imara, haina inachodaiwa na mtu anayeandika barua, anayefanya hesabu na kuhudhuria mikutano ya mtandaoni. Lakini kwa Windows 11 haimo kwenye orodha. Mwenzake 840 G5, mwenye prosesa ya kizazi cha nane, anaingia, na tofauti ya bei kati yao kila aliyewahi kuulizia dukani anaijua.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyotimiza masharti, na mafundi wengi wanazo mkononi. Microsoft haimhakikishii aliyepita njia hiyo kuwa ataendelea kupata masasisho, kwa hiyo anaweza akawa ameliahirisha tatizo tu.

Njia nyingine ni kuondoka. Wanaoondoka kwa kawaida huenda Linux, na ushauri wanaopewa wengi ni huu: nunua flashi, ipige Linux, funga macho, ruka. Naona ushauri huo ndio unaowarudisha watu Windows kabla wiki mbili hazijaisha. Mfumo endeshi ni sehemu rahisi ya safari hii. Kazi iko kwenye programu na faili zako, na kazi hiyo unaweza kuifanya ukiwa bado ndani ya Windows uliyoizoea.

Linux yenyewe ni kitu gani

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayogawa kumbukumbu, inayoongea na diski, kibodi na kadi ya Wi-Fi, na inayoamua programu ipi ipate zamu kwenye prosesa. Kerneli hiyo ndiyo Linux. Peke yake haina menyu wala dirisha la kubofya. Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ulikuwa umeshaandika zana nyingi za kuizunguka, pamoja na leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo inampa kila mtu haki ya kutumia programu, kusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza, kwa sharti kwamba akisambaza alichokibadili, naye auache msimbo wazi kwa wengine. Torvalds aliiweka kerneli yake chini ya leseni hiyo mwaka 1992, na tangu hapo imekuwa mali ya kila mwenye nia ya kuifanyia kazi.

Anayetaka mfumo kamili huchukua kerneli, huongeza zana, sura ya skrini, duka la programu na utaratibu wa masasisho, kisha huipa kazi hiyo jina. Hiyo ndiyo distro. Fikiria mabasi yetu ya mikoani: chasisi na injini hutoka kiwanda kimoja, kisha kila karakana hujenga bodi yake na kupanga viti inavyotaka, hata ukiyakuta stendi utadhani hayana undugu. Debian ilianza 1993. Ubuntu, ya kampuni ya Canonical iliyoanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ilitoka Oktoba 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Linux Mint ilianza 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu.

Mtandaoni utakuta mabishano yasiyoisha kuhusu distro ipi ni bora. Yaache. Kwa anayetoka Windows, Mint yenye sura ya Cinnamon inatosha: menyu iko kushoto chini, saa kulia chini, dirisha lina vitufe vya kufunga palepale ulipovizoea. Mashine yenye RAM ya GB 4 au chini yake ichukue Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata masasisho hadi 2029.

Wala usiogope kwamba unaingia kwenye kitu cha majaribio. Simu yako ya Android inaendeshwa na kerneli ya Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani, zile za kutabiri hali ya hewa na kufanya tafiti kubwa, zinatumia Linux.

Wahubiri wa Linux hupenda kuanza na neno bure, na kwetu hoja hiyo haina uzito wanaodhani. Laptopu nyingi za mtumba hupigwa Windows na fundi kwa bei ya chai, ikiwa imekrakiwa, na mwenye nayo hajawahi kulipia leseni hata siku moja. Kumwambia kuwa Linux ni bure ni kumwambia asichokiuliza. Kinachofaa kumwambia ni kwamba zile programu za kuamsha Windows bila leseni, ambazo kabla ya yote hutaka uzime antivairasi, ni mlango ambao huwezi kujua nani mwingine ana ufunguo wake. Kwenye Linux hakuna cha kukraki. Unapakua kutoka kwa mwenye nacho, unahakiki faili kama lilivyotolewa, basi.

Uwazi huo wa msimbo una pande mbili, na mfano mzuri ni wa Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili akijipatia uaminifu katika mradi mdogo wa kubana faili uitwao xz, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemruhusu kuingia kwenye seva nyingi duniani. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft kwa bahati, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Alifuatilia msimbo mwenyewe, akaukuta mlango, akatangaza, na masasisho ya kuuondoa yakaanza kutoka mara moja. Matoleo thabiti ya Ubuntu na Mint hayakuwa yameguswa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Linux haishambuliki. Nusu sekunde ile ilifuatiliwa hadi mwisho kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye shaka, na kabla ya hapo uwazi uleule ndio uliompa Jia Tan nafasi.

Askari wa Ufaransa walianza na ofisi

Ukitaka kuona kuhama kunakofaulu, tazama Gendarmerie ya Ufaransa, jeshi la polisi lenye vituo kuanzia mijini hadi vijijini. Hawakuanza na Linux hata kidogo. Mwaka 2005 waliachana na Microsoft Office wakachukua OpenOffice, programu ya ofisi yenye msimbo wazi, huku kompyuta zote zikiwa bado Windows. Mwaka uliofuata wakaingiza Firefox kwa kuvinjari na Thunderbird kwa barua pepe, bado wakiwa Windows. Kuanzia 2008 ndipo walipobadili mfumo wenyewe na kuweka Ubuntu, iliyokuja kuitwa GendBuntu, na baada ya miaka kadhaa makumi ya maelfu ya kompyuta zao zilikuwa zimehama. Askari alipofika asubuhi na kukuta Ubuntu, alikuta hati zake, barua zake na kivinjari chake vilevile. Ofisa mmoja wao, Xavier Guimard, alisema wakati ule kuwa tofauti mbili kubwa walizoziona watumiaji zilikuwa ikoni na magemu, na magemu hayakuwa kipaumbele chao.

München, Ujerumani, ni kisa kingine. Baraza la jiji lilipiga kura ya kuhamia Linux mwaka 2003, na suala likawa zito kiasi kwamba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatisha likizo yake na kwenda kumwona meya. Jiji halikutetereka. Kompyuta zilianza kuhamishwa 2006, na kufikia 2013 zilikuwa zimefika karibu 15,000. Mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Wapo wanaosema ni siasa, kwa kuwa meya alikuwa amebadilika na Microsoft ilikuwa imehamishia makao yake makuu ya Ujerumani katika jiji hilohilo mwaka 2016. Siasa ilikuwepo, sibishi. Ila ndani ya maofisi kulikuwa na kero za kila siku pia: idara zenye vitengo vyao vya kompyuta kila kimoja na utaratibu wake, fomu na makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya hati) zilizoandikwa kwa miaka kwa ajili ya Word na Excel, programu maalumu za jiji ambazo mtengenezaji alizitoa kwa Windows tu, na hati zilizotoka nje zikifunguka zimevurugika. Kerneli haikuwa na kosa katika hayo yote.

Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, linaonekana limejifunza. Aprili 2024 lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, na mpangilio wake ni LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, kwanza, barua pepe na vinginevyo vikifuata, Windows yenyewe ikiondolewa baadaye.

Orodha yako mwenyewe

Chukua karatasi uandike kila programu unayoifungua ndani ya wiki moja ya kazi. Usiandike unazofikiri unazitumia. Andika zile unazozifungua kweli. Watu wengi hushangaa kukuta nusu ya orodha ni kivinjari: Gmail, WhatsApp ya mtandaoni, Facebook, mifumo ya ofisi inayofunguliwa kwa anwani ya wavuti. Hizo zote zimeshahama bila wewe kujua, kwa sababu Firefox na Chrome za Linux hazina tofauti na za Windows. Zoom ina toleo la Linux. VLC ipo. Programu ya WhatsApp ya kompyuta haijatolewa rasmi kwa Linux, kwa hiyo utaitumia kupitia kivinjari.

Baada ya kivinjari huja hati, na hapa tusimame kidogo.

LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka OpenOffice, husoma na kuandika faili za Word, Excel na PowerPoint. Ipakue leo, iweke kwenye Windows yako, na uiache Word ikae pembeni kwa mwezi. Ndani ya mipangilio yake, kwenye sehemu ya kufungua na kuhifadhi, iambie ihifadhi hati kama .docx moja kwa moja, la sivyo utamtumia bosi faili la .odt na atakupigia simu. Kwa wanaoandika kwa lugha yetu, ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Iwashe, uone mistari myekundu inavyopungua. Kazi ya kuileta programu ya ofisi katika Kiswahili si ya jana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Malalamiko utakayoyasikia zaidi ni kwamba LibreOffice inaharibu hati. Ukiwa Linux, fungua wasifu wa kazi ulioandikwa kwenye Word na utazame kinachotokea. Jina la juu limekaa sawa, ila mstari wa anwani uliokuwa mmoja umekuwa miwili, jedwali la elimu limesukumwa chini, na sahihi iliyokuwa mwisho wa ukurasa wa kwanza imeangukia ukurasa wa pili, peke yake. Mara nyingi sana chanzo ni fonti. Hati iliandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux, na programu imeweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo. Herufi moja ikizidi kwa unywele, mstari mzima hauenei. Dawa yake ni fonti zilizochongwa makusudi ziwe na upana uleule: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Ukishaziweka, wasifu hurudi kwenye ukurasa wake. Aptos, fonti ambayo Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kuwa mrithi wa Calibri, ni kisa kipya, na hati zilizoandikwa nayo zitakusumbua. Na kama hati haihitaji kuhaririwa na unayempelekea, mtumie PDF. Ni tabia nzuri hata kwa anayebaki Word.

Makro ni mfupa mgumu zaidi. Karatasi ya Excel iliyojaa vitufe na hesabu zinazojiendesha, kama zile fomu za kodi za iTax nchini Kenya, imeandikwa kwa lugha ya makro ya Microsoft ambayo LibreOffice inaielewa kwa sehemu tu. Ijaribu mapema, mwezi ambao huna haraka. Usiijaribu siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani.

Kisha kuna programu ambazo hazina mjadala. Tally, programu ya uhasibu, imetengenezwa kwa Windows. AutoCAD ya kuchora ramani nayo haina toleo la Linux. Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux, na anayekuambia GIMP ni kitu kilekile hajawahi kukabidhiwa kazi ya wateja ya Photoshop ikiwa na safu 60. GIMP, Inkscape na Kdenlive ni zana nzuri, nazo zinapatikana kwa Windows, kwa hiyo zijaribu kabla hujaamua. Programu iitwayo Wine inaweza kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, nyingine ikazishindwa, na hakuna anayeweza kukuhakikishia bila kujaribu. Unaweza pia kufungua Windows nzima ndani ya Linux kupitia VirtualBox, ila hapo unahitaji RAM ya kutosha na leseni ya Windows palepale. Kama mkate wako unatoka kwenye Photoshop au AutoCAD, baki ulipo, tafuta mashine inayokubali Windows 11, na usimruhusu mtu akuone mshamba.

Mwenye steshenari asisahau printa. Za HP nyingi hufanya kazi mara tu unapozichomeka, kwa kuwa kampuni yenyewe inatoa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa, iitwayo HPLIP na yenye msimbo wazi. Printa mpya zinazochapisha kutoka kwenye simu kupitia Wi-Fi kwa kawaida hazihitaji draiva yoyote. Canon za zamani kama LBP2900, ambazo bado zinapiga kazi kwenye vibanda vingi, hutumia lugha yao ya CAPT na huweza kukumaliza jioni nzima. Ijaribu printa yako kabla hujafuta chochote, na jinsi ya kujaribu nakuja nayo sasa hivi.

Kabla ya kufuta

Faili la Mint ni karibu GB 3. Subiri bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus au balenaEtcher, ukijua kuwa kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo, ndivyo ilivyo. Hapo ndipo pa kuchomeka printa, kupima Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na kuangalia kama ukiifunga laptopu na kuifungua inaamka. Chochote kisichofanya kazi hapo, huenda kisifanye kazi baada ya kusakinisha, na ni heri ukijue sasa.

Wi-Fi ndiyo inayoangusha wengi, hasa mashine zenye kadi za Broadcom. Fumbo lake linachekesha: ili upate draiva ya Wi-Fi unahitaji intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kupitia waya kwenye mipangilio ya simu, na kompyuta itaona mtandao mara moja. Kisha fungua meneja wa draiva wa Mint uiruhusu iweke inachokosa.

Unaweza kuweka mifumo miwili kwenye diski moja na kuchagua kila unapowasha. Kwa mwezi wa kwanza naipendekeza. Mambo matatu yafanyike kwanza ukiwa Windows. Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, na uzifungue chache kuhakikisha kweli zimo. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo wa siri. Kama imefungwa, hifadhi ule ufunguo wake wa tarakimu 48 au uzime ulinzi huo kabla ya kupunguza nafasi ya Windows. Na zima kile kipengele cha kuwasha haraka (Fast Startup), kwa sababu kwa hicho Windows haijizimi kabisa, huacha diski katikati ya kazi, na Linux hukataa kuandika humo.

Ukishaweka mifumo miwili utakutana na kituko kimoja. Unatoka Linux, unaingia Windows, saa inasoma masaa matatu nyuma. Betri ya ubao mama haijafa, usimwite fundi. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, na kuongeza majira ya eneo lako inapokuonyesha. Windows huamini kuwa saa ya ndani ni ya hapohapo ulipo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko masaa matatu mbele ya UTC, kwa hiyo pengo ni matatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni mawili. Fungua teminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri, uandike timedatectl set-local-rtc 1, ubonyeze Enter, na ugomvi umekwisha.

Wiki za mwanzo utakosea njia mara kadhaa. Utatafuta faili la .exe la kusakinisha programu, wakati hapa unafungua duka la programu, unaandika jina, unabofya. Utashangaa kwamba masasisho yanakungoja uyakubali wewe, hayakurupuki kula bando lako katikati ya mkutano na kukuzimia mashine. Yakubali lakini, usiyaache mwaka mzima.

Na flashi za mtaani utaziona kwa jicho jipya. Yule kirusi anayeficha folda zako na kuacha vitufe vya mkato vyenye majina yaleyale, ambaye steshenari zetu zimemfuga miaka na miaka, ameandikwa kwa ajili ya Windows. Ichomeke flashi hiyo kwenye Linux: mara nyingi utaona faili halisi zikiwa zimetulia pembeni ya vile vitufe vya uongo, unafuta vya uongo, unamrudishia mteja vyake. Kirusi mwenyewe hapati pa kuanzia. Ila flashi inaweza kumbeba kwenda kwa mwenzako, kwa hiyo kufuta kusisahaulike.

Kwa ofisi ndogo sioni sababu ya kuhamisha kila kitu. Ofisi yenye kompyuta sita na mhasibu mmoja anayetumia Tally inaweza kuhamisha tano, na ya sita ikabaki Windows kwa sababu ya Tally tu. Ikiwa hiyo ya sita ni ya kizazi cha sita na haiwezi kupanda Windows 11, itolewe kwenye intaneti kabisa, ibaki kwenye mtandao wa ndani kwa ajili ya kuchapisha, nakala ya hesabu zake iende kila jioni kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa ikishamaliza, na flashi yoyote inayotaka kuingia humo ipitie kwanza kwenye mojawapo ya zile tano.